Mgeni wa Siku ya Tatu

Karatasi ya sensa ilikaa juu ya friji kwa wiki mbili, na kila mtu nyumbani kwa Muhiddin aliipita kama haipo. Suad, mkewe, aliipita akikimbilia shift yake ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Binti yao Miska, wa miaka kumi na mitatu, aliipita akitafuta maziwa. Bi Chumu, bibi wa nyumba, ambaye hakujua Kiingereza wala hakuona kimempunguzia nini, aliipangusa vumbi kila asubuhi kwa adabu zote, maana ilikuwa na nembo ya serikali. Muhiddin peke yake ndiye aliyeitazama, tena kwa jicho la pembeni, kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani bila kujua kama amefungwa.

Si kwamba Muhiddin alikuwa mwoga. Alikuwa seremala, fundi wa makabati ya jiko, na mwaka mzima alipanda ngazi za watu bila kutetemeka. Lakini kwao Pemba hakuwahi kuona orodha ya majina iliyoandikwa kwa heri. Kila orodha aliyoijua ilifuatwa na mtu wa kugonga mlango. Na safari hii kulikuwa na jambo nyumbani kwake ambalo hakutaka ligongewe mlango.

Mkataba wa fleti yao, vyumba viwili ghorofa ya tatu huko Hounslow, ulitaja watu watatu: Muhiddin, Suad na Miska. Bi Chumu alikuwa wa nne. Alikuja Machi 1999, na karatasi zake za kukaa Uingereza zikatoka baada ya mwaka, safi kabisa. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya nyumba kusema kwamba ameongezeka mtu. Muhiddin alisema atakwenda wiki ijayo. Kisha akasema baada ya Ramadhani. Mwisho siku zikapita nyingi mno, hata kwenda kusema kukawa ni sawa na kukiri kosa. Tena msikitini alisikia habari za bwana mmoja aliyenyang'anywa fleti kwa kumweka shemeji yake kimya kimya. Hakuna aliyelijua jina la bwana huyo, lakini kila mtu alikuwa na hakika naye.

Muhiddin alikuwa bingwa wa wiki ijayo. Ndivyo pia alivyomwahidi Bi Chumu kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Bibi alikiacha chake Pemba, na tangu afike alikuwa akipikia tui la kopo na kulisema vibaya. “Hili si tui,” angesema akilimimina. “Hili ni maji yaliyopita karibu na mnazi.” Na fundi seremala wa nyumba angejibu kwamba kibao atakitengeneza wiki ijayo.

Jumapili tarehe ishirini na tisa Aprili 2001, baada ya chakula cha mchana, hapakuwa tena na pa kukimbilia. Muhiddin aliishusha karatasi, akakaa mezani na kalamu nyeusi, na Miska akakaa ubavuni kumsomea.

“Person One is you, Baba. Then Mama. Then me.”

Muhiddin aliandika polepole kwa herufi kubwa. Alipomaliza jina la Miska, kalamu ilisimama. Kisha ikashuka chini ya ukurasa, kwenye jedwali la pili, dogo, na huko akaliandika jina la Chumu Hamad Kombo. Suad alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe. Aliona, akafungua mdomo, akaufunga.

Bi Chumu aliingia na sahani ya machungwa aliyoyamenya. “Mnaandika watu?” aliuliza. “Andikeni majina, lakini msitie namba. Watu hawahesabiwi, husuda hiyo.”

“Zimeshatiwa, Bibi,” Miska alisema. “I'm number three.”

“Na mie?”

Miska aliangalia karatasi. “Weye uko hapa chini. Under visitors.”

“Ndiyo nini hiyo?”

Mtoto alimtazama baba yake. Muhiddin alisema ni sehemu nyingine tu ya fomu, haina maana. “Sikukuuliza weye,” Bi Chumu alisema bila kumwangalia. “Nimemuuliza Miska.”

“Wageni,” Miska alisema. Neno hilo alilijua vizuri, kwa sababu ndilo lililokuwa likitajwa kila zilipotolewa sahani nzuri.

Ndege ilikuwa ikishuka kwenda uwanja wa Heathrow. Katika nyumba ile mazungumzo yalikuwa na desturi ya kungoja ndege zipite, na wote wanne walingoja.

“Haya,” Bi Chumu alisema palipotulia. Aliiweka sahani ya machungwa mezani, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaenda kwenye chumba alicholala pamoja na Miska. Hakuufunga mlango kwa kishindo. Angeufunga kwa kishindo, Muhiddin angepata nafuu.

Bi Chumu hakumzaa Muhiddin. Alikuwa mke wa pili wa baba yake. Mama yake Muhiddin alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na baada ya miaka miwili baba akampa talaka Bi Chumu. Siku ya kutoka, Bi Chumu alishika sanduku kwa mkono mmoja na mkono wa mtoto kwa mwingine, na baba mtu hakusema kitu, maana alikuwa na harusi ya kuandaa. Kwa mujibu wa karatasi yoyote duniani, mwanamke huyu hakuwa kitu kwa Muhiddin. Bi Chumu mwenyewe hakujaliwa kuzaa.

*

Jumatatu Suad aliamka saa kumi na moja na nusu kwenda kazini. Siku zote hukuta chai iko tayari na Bi Chumu jikoni akigeuza chapati. Siku hiyo jiko lilikuwa baridi. Bi Chumu alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa buibui, ameuweka mkoba wake mapajani na viatu vyake amevipanga pembeni.

“Assalaam alaykum,” alisema. “Nimeamka salama. Naomba ruhusa, kama hapana taabu, nende msalani.”

“Bi Chumu, jamani,” Suad alisema.

“Mgeni hajendei tu katika nyumba ya watu.”

Na hivyo ndivyo alivyoshinda. Hakugusa sufuria. Hakukunja nguo, hakumtafutia Miska soksi, hakumwita mtu yeyote mvivu. Miska aliporudi shule akachemsha chai, Bi Chumu alikipokea kikombe kwa mikono miwili na kumwambia asijisumbue. Jioni Suad alipika wali, na kwa kuwa miaka miwili hakuwa amepika siku ya kazi, wali ulishika chini. Bi Chumu alikula, akabakisha kidogo kwenye sahani kama inavyompasa mgeni mwenye adabu, akashukuru. “Chakula kizuri,” alisema. “Mmejitaabisha mno.”

Muhiddin alihisi angependa kupigwa kwa mwiko. Alivuta kiti, akakaa mbele yake. “Mama, ile ni karatasi tu. Nimeogopa ofisi ya nyumba. Wakijua tuko wanne watatutoa.”

“Naam, ni karatasi tu,” Bi Chumu alisema. “Na baba yako aliponiacha alinletea karatasi tu. Kipande hivi, haikujaa kiganja. Nikatoka.”

Muhiddin aliinamisha kichwa. Alitazama mikono yake.

“Nimempigia simu Miraji,” bibi aliendelea, kwa upole ule ule. Miraji alikuwa mtoto wa kaka yake, akiishi Peckham katika chumba kimoja juu ya saluni ya kusuka nywele. “Anakuja Jumatano akitoka kazini. Si mmesikia? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya kwanza. Mie nitaingoja ya tatu, nione kama kuna jembe. Kama hamna, nende zangu.”

Chumbani, Suad alikaa kitandani na sare yake ya kazi mapajani. “Miraji ana kitanda kimoja,” alisema. “Atamlaza wapi? Na weye unajua hatarudi. Yule akitoka katika nyumba ametoka.”

“Ukinlaumu na weye nitakwenda wapi?”

“Sikulaumu. Niliona ukiandika, nikanyamaza. Tumemuandika sote wawili.” Akaikunja sare. “Lakini ile bahasha ya sensa usiitie posta.”

Bahasha ilikuwa kwenye sanduku la vyombo vya kazi vya Muhiddin, chini ya randa. Alikuwa ameifunga tangu Jumapili na hakuweza kuipeleka wala kuitupa.

*

Wiki ile Muhiddin alikuwa na kazi kwa Mista Geddes, Mskochi wa miaka themanini na mmoja aliyekuwa miongoni mwa wazee wa Suad. Dirisha lake la jikoni lilioza kizingiti. Mista Geddes mwenyewe alikuwa seremala maisha yake yote, na sasa miguu imekataa, basi aliketi juu ya stuli na kumsimamia Muhiddin kama mwanafunzi. Kiingereza chake cha Kiskochi na Kiingereza cha Muhiddin cha Pemba vilikuwa vikipotezana njiani na kukutana tena kwenye misumari.

Jumanne, walipokuwa wakinywa chai, mzee aliuliza kama Muhiddin ameshapeleka karatasi yake ya sensa. Muhiddin alisema bado. “Peleka,” mzee alisema. “Iko siku mtu ataitafuta.” Alijikokota hadi kwenye kabati la vyombo, akafungua droo, akatoa nakala tatu za karatasi za zamani ambazo mpwa wake alimtumia kutoka Aberdeen.

“Huyu ni babu wa mama yangu,” alisema, akiweka kidole. “William Mutch, seremala na fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Kijiji cha nyumba kumi na moja na kanisa. Hii ni sensa ya mwaka 1871.”

Muhiddin aliinama. Mwandiko ulikuwa wa mteremko lakini ulisomeka. William, mkuu wa nyumba. Margaret, mke. John, mwana. Jean, binti, miezi mitano. Chini yao, mstari wa mwisho: Isabella Duthie, miaka ishirini na mitatu, mgeni.

“Sasa tazama ya 1881.”

William, mkuu wa nyumba, mjane. John. Jean, miaka kumi. Na chini: Isabella Duthie, mgeni. Mzee aliiweka ya tatu juu ya hizo mbili, na Muhiddin hakuhitaji kuonyeshwa. Mwaka 1891 watoto walikuwa wakubwa, William amezeeka, na Isabella Duthie alikuwa bado pale pale chini ya ukurasa.

“Miaka ishirini mgeni,” Mista Geddes alisema. “Nadhani alikuja na begi kubwa.”

Muhiddin alicheka, kwa kuwa mzee alimngoja acheke.

“Jean ndiye bibi yangu,” mzee aliendelea. “Kila alilolijua maishani alisema amefundishwa na Bell, ndiye huyu Isabella kwa kifupi. Kufuma, kusoma, kukanda mkate. Alipougua surua Bell alikesha naye siku tisa. Hata bibi yangu alipokuwa akikata roho, alimwita Bell, hakumwita mtu mwingine. Basi nilipostaafu nikasema nimtafute huyo Bell. Nilimtafuta kama shangazi, sikumwona. Nikamtafuta kama mtumishi, nikamtafuta kama jamaa ya mke. Miaka minane. Kumbe alikuwa ndani ya nyumba, nami nimempita kila mara kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa nyumbani.”

“Kwa nini alimwandika hivyo?”

“Nani ajuaye? Labda mwenye shamba alikataza watu wa ziada kwenye nyumba zake. Labda William hakujua amwite nani.” Mzee alilipiga kofi dogo kabati la vyombo. “Hili kalitengeneza yeye. Droo zote bado zinateleza. Kwa mbao alikuwa mtu mwangalifu sana.”

Muhiddin aliivuta droo, akairudisha. Iliteleza bila sauti. Alijisikia vibaya, vibaya kuliko alivyojisikia mbele ya Bi Chumu mwenyewe, kwa kuwa mbele yake angalau alikuwa na hofu ya kusingizia. Aliwaza mtoto wa mjukuu wa Miska, mtu asiyemjua, ameinama juu ya karatasi yenye mwandiko wake.

“Yetu itafunguliwa lini?” aliuliza.

“Baada ya miaka mia moja. Hatutakuwepo kujitetea.”

Muhiddin aliiweka chini chai yake. Aliuliza kama mzee ana kipande cha mti mgumu na kipande cha chuma cha pua asichokihitaji. Mista Geddes aliuliza cha nini. Muhiddin alichora nyuma ya karatasi ya msasa: kiti kidogo cha kukunja, miguu inayopishana, na mbele yake chuma kilichochomoza chenye meno.

Mzee alikigeuza kichoro juu chini. “Stuli yenye ulimi,” alisema mwishowe. “Anaikalia nani?”

“Mama.”

Mista Geddes hakuuliza zaidi. Kwenye banda lake la kazi bustanini kulikuwa na ubao aliouhifadhi tangu 1970 akingoja kazi inayostahili, na kwenye kopo la misumari kulikuwa na kisu cha randa kilichochoka. Kizingiti cha dirisha kilingoja. Muhiddin alikata miguu na kutia bawaba. Mzee alikaa na tupa akichonga meno ya chuma moja moja, ulimi wake mwenyewe umetokeza pembeni mwa mdomo, na kwa muda wa saa mbili hakulalamikia miguu yake hata mara moja.

*

Jumatano asubuhi Muhiddin alivaa shati la Idi, akaenda ofisi ya nyumba. Alichukua namba, akakaa kwenye viti vya plastiki, akasimama namba yake ilipoitwa. Nyuma ya kioo alikuwa bwana mmoja wa makamo mwenye kilemba cha buluu, na kibandiko kifuani kilisema Gurdial.

“Nimekuja kuongeza mtu kwenye nyumba,” Muhiddin alisema kwa Kiingereza alichokiandaa ndani ya basi.

“Ana uhusiano gani nawe?”

“Mama yangu.”

Gurdial alifungua faili, akasoma, akainua kichwa. “Hapa uliandika mama yako alifariki 1966.”

“Huyo alinizaa. Huyu alinilea.”

“Mama wa kambo, basi. Mke wa baba yako.”

“Alikuwa. Baba alimwacha.”

“Kwa hiyo hamna uhusiano.” Gurdial hakukusudia ubaya, ila kioo kilikuwa kinene na ilibidi apaze sauti. Watu kwenye viti vya plastiki walikuwa wamenyamaza. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alimtazama Muhiddin kwa huruma, na huruma ile ilimchoma zaidi kuliko maneno. Siku nyingine angesema samahani, akachukua kofia yake, akarudi wiki ijayo.

“Bwana,” Muhiddin alisema, “nilikuwa na miaka sita. Alitoka kwenye nyumba na sanduku na mimi. Kama unataka kuandika maelezo pembeni, andika, hata ukurasa mzima. Lakini penye uhusiano andika mama.”

Gurdial aligonga kalamu mezani mara mbili tatu. Kisha aliandika. “Yuko kwako tangu lini?”

Hapo ndipo alipopaogopa. Muhiddin alishika ukingo wa kaunta. “Machi tisini na tisa.”

“Miaka miwili?”

“Miwili.”

“Analala wapi?”

“Chumba cha binti yangu.”

Gurdial aliondoa miwani. “Sasa kwa nini hukuja kusema? Mtu mzima na msichana mkubwa chumba kimoja, hiyo ina pointi.”

“Pointi za nini?”

“Za kuhamia nyumba kubwa. Ungalikuja ile Machi, leo ungekuwa na miaka miwili mbele kwenye foleni. Hakuna anayetolewa nyumbani kwa sababu ya mama yake, bwana. Mimi bibi yangu alilala sebuleni kwetu miaka kumi na minne, na kila fomu ilimwita jina lake.” Aligonga muhuri. “Lete hati zake wiki hii. Si wiki ijayo.”

Muhiddin alitoka nje, akasimama kwenye kituo cha basi, akacheka peke yake hata mtu aliyesimama karibu naye akasogea. Miaka miwili alikuwa amemficha mwanamke ambaye angempatia chumba. Alicheka, na katikati ya kicheko aliona aibu, na aibu ile haikumwacha njia nzima.

*

Saa kumi na mbili jioni jua lilikuwa bado juu, na gari la Miraji limeegeshwa chini. Miraji mwenyewe, kijana mnene wa tabia njema, alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la Bi Chumu mkononi bila kujua kama anaingia au anatoka. Suad alikuwa ameegemea ukuta. Miska alikuwa amelia na hakutaka ijulikane.

“Afadhali umefika,” Bi Chumu alimwambia Muhiddin. Alikuwa amevaa buibui na viatu. “Sikutaka kuondoka bila kuaga wenyeji. Leo ya tatu. Nimengoja jembe, sikuliona.”

Muhiddin alikuwa na kitu amekifunga katika gunia. Alipiga magoti juu ya zulia, akakifungua, akakikunjua, akakisimamisha mbele ya Bi Chumu. Kibao cha mbuzi, cheupe, kimepigwa msasa hata kinang'aa, na meno ya chuma yametazama juu.

“Jembe lako hili,” alisema.

Kwao mgeni huweza kukaa mwezi, akapewa kuku, akapewa kitanda cha mwenye nyumba, lakini hakalishwi juu ya kibao cha mbuzi. Hicho ni kiti cha mwenye jiko.

“Nimekukosea, mama,” Muhiddin alisema. “Niliogopa nyumba, nikakutoa weye. Leo nimekwenda ofisini nimesema. Wamekuandika. Na hata wangalitutoa, ningalisema.”

“Nyumba ni nini,” Bi Chumu alisema. “Mie nilitoka na weye katika nyumba kubwa kuliko hii.”

Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya meno. “Haya makali mno. Utatukata vidole. Kayachonga nani?”

“Mskochi wa Suad.”

“Mskochi anajua nini kuhusu nazi?”

Basi Muhiddin, akiwa bado amepiga magoti, alimweleza habari za Bell. Alimweleza seremala na kijiji cha nyumba kumi na moja, mtoto wa miezi mitano, mama aliyekufa, na karatasi tatu. Bi Chumu alisikiliza amesimama, kisha akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, na Muhiddin alipofikia karatasi ya tatu, bibi alikuwa amekwisha kuvua kiatu kimoja.

“Miaka ishirini?” aliuliza.

“Ishirini.”

“Na huyo mume hakumuoa?”

“Haikuandikwa.”

“Na aliyelelewa ndiye bibi yake huyu mzee?”

“Ndiye.”

Bi Chumu alitikisa kichwa kwa muda. “Maskini Bell,” alisema. “Kavumilia. Mie nimechoka kwa siku tatu.”

Suad aliitoa bahasha kwenye sanduku la vyombo, akaipasua. Muhiddin alikata jina kwenye jedwali dogo la chini kwa mstari mmoja ulionyooka, mstari wa seremala, na Miska akaandika upya juu, chini ya jina lake mwenyewe. Alipofika penye uhusiano aliinua kalamu. “There's mother or step-mother, Baba. It's different boxes.”

“Mama.”

“Mother,” Miska alisema, akatia alama. “Person Four.”

“Mie wa nne?” Bi Chumu aliuliza. “Nilikuwepo kabla yenu nyote.” Lakini alikuwa amevua buibui, na hakungoja kujibiwa. “Miraji, unashikilia sanduku la nini? Liweke chini. Nenda dukani kalete nazi tatu, uzitikise sikioni kwanza, wasikupe zilizokauka. Suad, hii sufuria iliyoungua nani kaiweka kabatini hivi? Siku tatu tu nimekaa pembeni, jiko limekuwa kama limehamwa.”

Suad alisema ataisugua. Alisema hivyo huku akitabasamu, akaambiwa aache kutabasamu na alete chujio.

Bi Chumu alikikalia kibao, akakilalamikia kuwa kirefu kidogo, akakuna nazi ya kwanza bila kujikata. Tui lilitoka zito, jeupe. Alilionja kwa ncha ya kidole na hakusema kitu, na wote jikoni walijua maana ya yeye kutosema kitu. Walikula samaki wa nazi na wali, watu watano mkekani, na hakuna aliyebakisha.

Kabla ya kula, hata hivyo, Bi Chumu alikuwa amejaza bakuli, akalifunika kwa sahani nzuri ya wageni na kulifunga kwa kitambaa. Sasa alimsukumia Muhiddin.

“Lipeleke lingali moto.”

“Kwa Mista Geddes?”

“Simjui jina,” Bi Chumu alisema. “Mpelekee kitukuu wa Bi Bell.”